SIKU YA DHARURA, MTAMBO UKIZIMA TUTAMPIGIA NANI?

Ndugu zangu wa Mtongwe, Likoni na pwani nzima, someni hii pole pole halafu mpelekee mwenzako.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapa Mtongwe, watu 272 wakafa karibu na nchi kavu. Septemba 2019 gari likateleza kutoka MV Harambee pale Likoni, mama na mwanawe wakazama. Ilichukua siku 13 kulitoa. Kwa hivyo mtu asije kutueleza sisi maana ya dharura. Tunaijua.

Sasa wimbo mpya ni huu: kila kitu kinahamia mtandaoni. Ripoti, malipo, tahadhari, hata hospitali. Sawa, hatukatai maendeleo. Lakini huo mtambo mlango wake umefungwa na nani, na ufunguo anao nani?

Tumesahau haraka sana. Julai 2023 eCitizen ililemewa siku kadhaa. Huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kapu moja, na kundi linalojiita Anonymous Sudan likasema ni wao. Wageni ikabidi wapewe viza wakishafika. Waziri Eliud Owalo akasema data haikuibwa, mtambo ulifurikishwa maombi tu. "Tu"! Hebu fikiria kivuko cha Likoni saa moja asubuhi, watu elfu wasiosafiri waje wasimame mlangoni makusudi. Hawajaiba kitu, lakini mgonjwa wa kwenda Makadara atavuka saa ngapi? Kwenye dharura, kuzuiwa mlango na kuuawa havina tofauti kubwa.

Na msidhani ni unyonge wetu peke yetu. Marekani kuna mtambo ulioitwa CodeRED, uliotumiwa na serikali nyingi za mitaa kutuma tahadhari za moto na mafuriko kwenye simu za watu. Novemba 2025 wezi wa mtandao wakauvunja. Wakachukua majina, anwani, namba za simu na paswadi, na picha walizotoa wenyewe zilionyesha paswadi zimehifadhiwa wazi wazi kama zilivyoandikwa, mtoto wa darasa la tatu angezisoma. Mtambo wa zamani ukazimwa kabisa, na miji ikabaki kutafuta njia nyingine ya kuwaonya watu wake. Hiyo ni Marekani, yenye pesa.

Udhaifu wenyewe si uchawi. Paswadi iliyokuja na mtambo haijabadilishwa. Programu haijasasishwa miaka. Au unafungua ripoti yako kwenye tovuti, unabadilisha namba moja juu pale kwenye anwani, unaona ripoti ya jirani: alipigwa na nani, anaishi wapi, anaumwa nini. Kijana wa Likoni anajua vizuri jina lake kukaa kwenye orodha ya watu wasiomtakia mema ni kitu gani. Ripoti ya dharura ni orodha pia, ama vipi?

Hapa ndipo hasira inapokuja. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema ukiingia kwenye mtambo bila idhini ni kifungo hadi miaka mitatu, au faini hadi shilingi milioni 5. Mwizi afungwe, hakuna ubishi. Lakini kijana wetu aliyesoma kompyuta, akiona tundu na akataka kuwaambia wenyewe kwa nia njema, sheria hiyo haimpi kinga yoyote ya wazi. Basi atanyamaza. Na tundu litabaki pale pale likimngoja mwenye nia mbaya. Kwani hii ni akili gani?

Kuna watakaosema mambo ya usalama hayasemwi hadharani. Hatujaomba paswadi! Tunauliza kama mtambo ulikaguliwa na mtu asiyelipwa na aliyeuuza, na lini. Tunauliza mtandao ukikatika kuna redio, kuna king'ora, kuna daftari na mtu wa zamu anayejua kazi? Manahodha wana chaneli 16 ya redio, haihitaji intaneti wala paswadi. Sisi wa nchi kavu tuna nini?

Data ikivuja, sheria ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Sisi wenye data tukiwa hatarini, lazima tuambiwe pia, si kusoma kwenye magazeti.

Na kuuliza ni haki, si fadhila. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Andika barua kwa kaunti, na nyingine kwa wanaosimamia feri. Uliza hayo maswali ya juu, weka tarehe, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Halafu anza kuhesabu saa.