Nyaya za ndege: Kikulacho ki nguoni mwako

KILA soko, bweni la shule au ghala linapoteketea katika miji yetu, maelezo ya kwanza huwa ni yale yale: hitilafu ya umeme. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba hayatushtui tena. Mara nyingi hutumika kuufunga mjadala badala ya kuufungua.

Angani maneno hayo yana uzito mwingine. Moto ukizuka nyumbani, watu hukimbilia nje, na gari la zimamoto hata likichelewa hufika. Ndege iliyo futi 33,000 juu ya bahari haina mlango wa kukimbilia wala zimamoto wa kusubiriwa. Waliomo ndani wanachokuwa nacho ni dakika chache na uamuzi wa watu wawili walioketi mbele.

Kwa sababu hiyo dunia ya usafiri wa anga ililazimika kuyachukua maneno "hitilafu ya umeme" na kuyageuza kuwa sheria. Kanuni za kuzuia moto wa nyaya za ndege zipo, na ni nzuri. Zilitokana kwa sehemu kubwa na ajali mbili zilizoua watu 459. Lakini kanuni hizo haziwezi kumlinda abiria zikibaki kwenye makabati ya ofisi. Humlinda pale tu fundi anapopiga magoti na tochi mkononi, akafungua dari la ndege na kutazama.

Ndege kubwa ya abiria hubeba nyaya zenye urefu unaozidi kilometa 200, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Zimefungwa vitita vitita na kupitishwa chini ya sakafu, juu ya dari, nyuma ya kuta na ndani ya mabawa. Abiria hazioni. Kwa miongo mingi hata wahandisi hawakuzipa uzito unaostahili, kwani desturi ilikuwa kuzifunga na kuzisahau.

Lakini waya nao huzeeka. Ganda linaloufunika hupambana na joto, baridi kali, mtikisiko usiokoma, unyevu, na maji yanayovuja kutoka vyooni na jikoni. Fundi hulikanyaga akitengeneza kitu kingine. Mwenzake hutoboa bati juu yake, na vipande vidogo vya chuma vyenye ncha huangukia kwenye kitita na kuanza kulisaga ganda taratibu, safari baada ya safari.

Ganda likipasuka, umeme huweza kuruka kutoka waya mmoja hadi mwingine na kutoa cheche zenye joto la maelfu ya nyuzi. Hapa ndipo ulipo mtego. Swichi za kinga zilizozoeleka ndegeni, ambazo kazi yake ni kama ile ya fyuzi ya nyumbani, zilisanifiwa kukata umeme pale waya unapobeba mzigo mkubwa kwa muda. Cheche ya kufumba na kufumbua inaweza kupita bila swichi hizo kushtuka. Ikikuta vumbi, nyuzi za mazulia au kitambaa kinachowaka, moto huanza mahali asipopaona mtu.

Onyo kubwa la kwanza lilikuja Julai 17, 1996. Boeing 747 ya shirika la TWA, safari namba 800, iliruka kutoka New York kuelekea Paris ikiwa na watu 230. Dakika 12 baadaye ililipuka juu ya bahari ya Atlantiki. Hakuna aliyepona.

Wengi walidhani ni bomu au kombora. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilichukua miaka minne kufikia hitimisho tofauti. Tangi la mafuta la katikati lilikuwa karibu tupu, na mitambo ya kupooza hewa iliyokuwa chini yake ilikuwa imelipasha joto wakati ndege ikisubiri kuruka. Mvuke wa mafuta uliojaa ndani ulilipuka. Chanzo cha cheche hakikuthibitishwa kwa uhakika kamili, lakini bodi ilieleza kuwa kilichoelekea zaidi ni hitilafu ya umeme nje ya tangi, iliyopitisha nguvu kubwa mno kwenye nyaya za kupimia mafuta. Ndege hiyo ilikuwa na umri wa miaka 25.

Tume iliyoongozwa na Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Al Gore, ilipendekeza Februari 1997 kwamba ukaguzi wa ndege zinazozeeka usiishie kwenye bati na nguzo za mwili pekee, bali ufike kwenye mifumo ya ndani, nyaya zikiwamo. Pendekezo hilo lilikuwa bado linajadiliwa likaja onyo la pili.

Usiku wa Septemba 2, 1998, ndege aina ya MD-11 ya shirika la Swissair, safari namba 111, iliondoka New York kwenda Geneva ikiwa na abiria 215 na wafanyakazi 14. Chini ya saa moja baada ya kuruka, marubani walisikia harufu isiyo ya kawaida. Kwanza walidhani inatoka kwenye mfumo wa hewa. Wakageuza ndege kuelekea Halifax, nchini Kanada, wakaanza kufuata orodha ya hatua za dharura.

Bodi ya uchunguzi ya Kanada ilibaini baadaye kwamba kuikamilisha orodha hiyo kungeweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Kutoka harufu ya kwanza hadi ndege kupiga maji karibu na kijiji cha Peggy's Cove zilikuwa dakika 21 hivi. Wote 229 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa hata kama marubani wangekimbilia uwanjani tangu dakika ya kwanza, wasingewahi.

Ripoti ya Machi 2003 ina mafunzo matatu yanayopaswa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba ndege hiyo haikuwa kuukuu, kwani ilikuwa na umri wa miaka saba tu. Nyaya ambazo wachunguzi walizihusisha na kuanza kwa moto zilikuwa za mfumo wa burudani, yaani sinema na michezo ya abiria, uliofungwa mwaka 1997, miaka kadhaa baada ya ndege kutoka kiwandani. Aidha, mfumo huo uliunganishwa kwa namna ambayo swichi ya kuzima umeme wa sehemu ya abiria haikuweza kuuzima.

Fundisho la pili linahusu blanketi za kuzuia joto na kelele zilizotandazwa juu ya dari. Zilikuwa na ngozi ya plastiki iliyopakwa madini yanayong'aa, na zilikuwa zimefaulu jaribio la moto lililotakiwa na kanuni za wakati huo. Hata hivyo, ndizo zilizoupokea moto na kuusambaza. Zilikuwa halali kwa mujibu wa karatasi, lakini jaribio lenyewe halikufanana na moto halisi.

La tatu ni kwamba katika nafasi hiyo ya dari hapakuwa na kifaa chochote cha kugundua moshi, kwa kuwa kanuni hazikukitaka. Kitambuzi pekee kilikuwa pua ya binadamu.

Hatua zilifuata, ingawa kwa mwendo tofauti. Mwaka 2000 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliamuru blanketi hizo zing'olewe katika ndege zipatazo 700 ndani ya miaka mitano. Mwaka 2001 watengenezaji walitakiwa kuchambua upya mifumo yote ya matangi ya mafuta. Mwaka 2003 likaja jaribio jipya na kali zaidi la blanketi. Mwaka 2008 ikatungwa kanuni ya kupunguza hatari ya mvuke wa matangi kulipuka.

Lakini kanuni iliyobadilisha hadhi ya waya wenyewe ilitolewa Novemba 2007, miaka 11 baada ya TWA 800. Kwa mara ya kwanza nyaya, viunganishi vyake, vibano na maganda yake vilitajwa kuwa mfumo kamili wa ndege, kama injini au magurudumu. Mtengenezaji alitakiwa kuthibitisha kwamba hitilafu ya kitita kimoja haitaangusha ndege, kwamba nyaya muhimu zimetenganishwa, zimewekwa alama za kuzitambulisha, na zinafikika kwa ukaguzi. Ulaya ikafuata mwaka 2008.

Mashirika ya ndege nayo yalipewa wajibu. Kila eneo la ndege lenye nyaya lilipaswa kuulizwa swali rahisi: je, hapa panaweza kukusanyika kitu kinachowaka? Kama jibu ni ndiyo, lazima pawe na ratiba ya kupasafisha na kupakagua. Mafundi wakafundishwa desturi mpya ya kulinda nyaya kabla ya kuanza kazi na kusafisha kadiri wanavyoendelea.

Je, kanuni hiyo ina meno? Jibu lilipatikana wakati ndege za Boeing 737 MAX zilipozuiwa kuruka baada ya ajali mbili, ya pili ikiwa ile ya Machi 10, 2019, iliyoua watu 157 waliokuwa wakitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, Wakenya wakiwa wengi zaidi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Katika kuichunguza upya ndege nzima, lilibainika jambo lililo tofauti na ile programu ya kompyuta iliyolaumiwa: baadhi ya vitita vya nyaya zinazohusika na mkia vilikuwa karibu mno.

Boeing ilijenga hoja kwamba nyaya kama hizo zilikuwa zimeruka mamilioni ya saa katika matoleo ya awali bila tatizo. FAA ilikataa. Amri ya Novemba 2020 iliyoruhusu ndege hizo kurejea angani iliweka sharti kwamba nyaya hizo zitenganishwe kwanza. Air Tanzania ilipopokea 737 MAX 9 mwaka 2023, abiria wa Dar es Salaam nao wakawa miongoni mwa wanaonufaika na kanuni hiyo.

Hata hivyo, kanuni nzuri haizuii kosa la mkono. Julai 12, 2013, Boeing 787 ya shirika la Ethiopia ilishika moto ikiwa imeegeshwa katika uwanja wa Heathrow, London, bila mtu ndani. Wachunguzi wa Uingereza waliufuatilia moto hadi kwenye kifaa kidogo cha kutangaza mahali ndege ilipo inapoanguka. Nyaya za betri yake zilikuwa zimepishana na kubanwa chini ya kifuniko. Inaelekea zilipigana shoti, betri ikapata joto hadi kulipuka moto. Kifaa cha usalama ndicho kilichokaribia kuiteketeza ndege mpya kabisa. Hakuna aliyeumia, lakini kama tukio hilo lingetokea katikati ya safari, wahudumu wangepata shida kuufikia moto huo.

Sasa tujiulize kuhusu sisi. Nchi za Afrika Mashariki hazitengenezi ndege kubwa za abiria, hivyo kanuni hutufikia kwa mnyororo. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944 na viambatanisho vyake, nchi iliyosanifu ndege hutuma maagizo ya usalama kwa nchi iliyoisajili. Hapo ndipo zinapoingia mamlaka zetu za Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, pamoja na wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba agizo lililoandikwa Washington au Cologne linakuwa kazi iliyofanyika karakanani.

Mnyororo huo una mahali pawili pa kutazamwa kwa makini. Kwanza, wajibu ambao kanuni ya mwaka 2007 iliwabebesha wenye ndege ulilenga ndege zenye uwezo wa abiria 30 au zaidi, au zinazobeba mzigo wa zaidi ya tani tatu na nusu hivi. Lakini abiria anayevuka kwenda Zanzibar au mtalii anayekwenda Serengeti mara nyingi hupanda ndege yenye viti kumi na kitu. Ndege hizo zina kanuni zake, lakini hazikufungwa na wajibu huo mahsusi. Mamlaka zetu hazihitaji kusubiri Marekani ili kudai usafi na ukaguzi wa nyaya katika ndege zinazotua kwenye vumbi na chumvi ya pwani kila siku.

Pili ni ndege zinazonunuliwa au kukodiwa zikiwa zimetumika. Swissair 111 ilitufundisha kwamba hatari si umri pekee, bali pia kila kilichoongezwa baadaye. Ndege iliyopita mikononi mwa wamiliki watatu imefungwa viti, redio na taa mpya mara ngapi? Michoro ya nyaya hizo ipo? Haya ni maswali ya kuulizwa kabla mkataba haujasainiwa, si baada ya moshi kuonekana.

Kuna pia suala la muda. Ukaguzi wa nyaya humaanisha kubomoa dari, kung'oa viti na kuiacha ndege chini kwa siku kadhaa bila kuingiza hata shilingi moja. Shirika lenye ndege chache lina kila kishawishi cha kuahirisha. Mkaguzi wa serikali asiyekuwa na mafunzo ya kutosha, au anayeogopa kuizuia ndege ya wakubwa, hawezi kuwa kizuizi kwa kishawishi hicho.

Usafiri wa anga bado ni salama kuliko barabara zetu, na lengo la makala haya si kumtia hofu msafiri. Lakini usalama huo haukuja wenyewe. Ulikuja kwa sababu nchi nyingine zilikataa kuyachukua maneno "hitilafu ya umeme" kuwa mwisho wa maelezo. Ziliuliza ni waya gani, ulifungwa na nani, ulikaguliwa lini, na mbona jaribio lilisema ni salama. Mamlaka zetu zinapaswa kuyauliza maswali hayo wakati ndege bado iko karakanani.