Shamba la ndani ya simu linamngoja mwenyewe, la Djugu halimngoji mtu

Wandugu wanakoperativi, nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna jioni moja nilimnyang'anya simu mtoto wa dada yangu. Ana miaka tisa, anakaa na mama yake katika kambi ya wadeplase hapa Bunia, na kila jioni anakuja kuniomba simu. Nilifikiri anatazama miziki. Kumbe alikuwa analima.

Mchezo wenyewe unaitwa Minecraft. Ulitoka Sweden, umeuzwa kamili tangu 2011, na nakala zaidi ya milioni 300 zimenunuliwa duniani. Watoto wetu hawanunui, wanapitishiana simu kwa simu. Dunia yake yote ni vipande vya mraba, sawa vile matofali: udongo tofali, maji tofali, mti tofali. Unaamka huna kitu. Unakata mti kwa mkono, unatengeneza jembe, unapiga majani ya porini mpaka mbegu itoke, unalima karibu na maji, unapanda, unangoja. Usipokula unadhoofika. Na usiku ukiingia, zombi wanatoka kukutafuta.

Nilimrudishia simu nikamwambia anionyeshe. Nilipoishika mimi, kitu cha kwanza alichosema ni: "Yomba, usiruke juu ya shamba, utaliharibu." Na kweli, ukiruka juu ya udongo uliolimwa unarudi kuwa udongo mtupu na mmea unang'oka. Munajua nimewaambia watu wangapi wasipite katikati ya matuta ya wengine?

Akaendelea kunifundisha. Tofali moja la maji linalowesha matofali manne kila upande, kwa hiyo amechimba shimo moja tu katikati na kupanda kulizunguka, fasi 80. Hapandi kitu kimoja. Mstari wa ngano, mstari wa karoti, tena mstari wa ngano, kwa sababu katika mchezo huo mimea ya aina moja ikibanana pande zote inakawia kukua. Na alipovuna karoti hakuzila zote. "Karoti ndiyo mbegu, Yomba. Ukikula yote, umekufa." Mimi nimekuwa moniteri wa kilimo miaka mingi, nimezunguka na ubao na chaki nikieleza habari ya kuweka mbegu kabla ya kula, na sijapata kuisema kwa ufupi hivyo.

Basi nikamuuliza: na muhogo uko wapi? "Muhogo haiko." Sawa. Nikamuuliza, muhogo wa kweli, ule wa kwetu, unapandwa namna gani? Alifikiri kidogo. "Wanaweka mbegu chini, kiisha wanatia maji."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Babu yake alikuwa na muhogo mpaka wa kuwagawia watu. Mama yake alitoka Djugu mwanzoni mwa 2018, mtoto akiwa mgongoni, na toka siku ile huyu mtoto anajua ugali wa muhogo, anajua sombe, lakini hajapata kuona mtu akikata mti wa muhogo vipande na kuvilaza ardhini. Na hayuko peke yake. Vurugu zilipoanza tena Djugu mwisho wa 2017, waliokuwa wananyonya wakati ule leo wamefika umri ambao sisi wenyewe tulikuwa na kajembe ketu kadogo na mstari wetu wa maharagi nyuma ya nyumba.

Wazee wengi nikiwasimulia hii wanasema tatizo ni simu. Mimi nasema hapana. Simu ilikuta fasi tupu ikaijaza. Mtoto anayekaa ndani ya hema, na hema la jirani liko hatua mbili, atalima wapi? Amepata shamba kwenye kioo chenye nyufa, na amelima vizuri kuliko wengine wetu. Kama ni makosa, ni yetu.

Lakini mchezo huo una uongo ndani yake, na si uongo mdogo. Siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi, ni dakika 20. Udongo hauchoki hata ulime mara mia. Hakuna kiwavi wa kula moyo wa mahindi, hakuna inzi weupe wa kuleta ugonjwa wa mosaiki kwenye muhogo. Ardhi haina mwenyewe: unachagua tu fasi unayoipenda, hakuna shefu wa kijiji, hakuna karatasi, hakuna konsesio ya mtu aliyekufa zamani. Nyinyi munajua ardhi ya Djugu imetutoa machozi kiasi gani, sitaingia huko leo. Tena kuna kitufe: ukichagua "amani", zombi wote wanapotea mara moja na njaa inakoma kukuuma. Mtoto alinionyesha akicheka. Mimi sikucheka sana.

Uongo ulionigusa zaidi ni mwingine. Nilimuuliza, ukienda mbali na shamba lako, nani analilinda? Akasema hakuna haja. Ukienda mbali sana, shamba linasimama. Halikui, halikauki, halioti majani, halivunwi na mtu mwingine. Siku ukirudi linaendelea pale ulipoliacha, kama vile halijui kwamba ulikuwa umeenda.

Wandugu, nani kati yetu aliyerudi akakuta shamba lake hivyo? Maharagi yanaiva kwa miezi mitatu, na yasipovunwa yanapasuka na kumwagika chini. Mahindi yanaliwa na ngedere na watu. Muhogo ndio tulioutegemea, kwa sababu unavumilia ardhini mwaka na zaidi, lakini hata huo ukikaa sana unakuwa mgumu sawa kuni, kama haukuchimbwa na wapita njia. Na muhogo ukiisha, unaisha pamoja na mbegu yake, maana mbegu yake ni mti wenyewe. Huwezi kuuweka ndani ya kopo juu ya moto jikoni sawa mahindi ya mbegu. Mti uliokatwa unakaa majuma machache kivulini, ukikauka ni kuni. Familia iliyokimbia miaka mitatu inarudi na jembe kutoka kwa shirika na haina kitu cha kutia ardhini, inaomba miti kwa jirani, na jirani anatoa ile aliyo nayo, hata yenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano. Ndivyo ugonjwa unavyotembea kijiji mpaka kijiji, kwa mkono wa huruma.

Maarifa nayo ni sawa mti wa muhogo. Hayawekwi kwenye kopo. Mama anayejua kuchagua mti wa mbegu kwa macho tu, anayejua kipande cha sentimeta 20 au 25 chenye macho matano au saba, anayejua upande gani ni juu, huyo mama anazeeka kambini. Akifa kabla ya kuonyesha mtu, hakuna jirani wa kwenda kumuomba.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi wengine katika komite. Kila koperativi iliyo na kipande cha ardhi fasi yenye utulivu, hata ya kukodisha pembeni ya mji, ikitenge kwa watoto wa wanamemba. Si shamba la kuzalisha. Mita 20 kwa 20 zinatosha. Nusu yake iwe mboga na maharagi, vitu vya kuiva haraka, kwa sababu mtoto aliyezoea siku ya dakika 20 hatavumilia muhogo wa miezi kumi na miwili bila kupata kitu mdomoni katikati. Nusu nyingine iwe muhogo safi, miti iliyochaguliwa, ya kugawa siku watu watakapoweza kurudi. Na mwalimu asiwe mimi na ubao wangu. Awe yule mama.

Najua majibu. Mweka hazina mmoja aliniambia, "Moniteri, hela ya mbegu ya wakubwa haitoshi, unataka ya watoto?" Ni swali la haki. Lakini tunakodisha kila msimu ardhi ambayo kona zake zinabaki majani, na miti ya muhogo haiuzwi kwa gramu. Mwingine anasema tutaonekana kutumikisha watoto. Hapo sharti tuwe waangalifu kweli: masaa mawili siku ya mwisho wa juma, shule isiguswe, mavuno waende nayo nyumbani wao wenyewe. Na wazazi wengine wanasema wazi: "Sitaki mtoto wangu alime, nataka asome." Nami nataka asome. Sioni kwa nini asijue vyote viwili. Agronomu mzuri hatoki kwa mtu asiyejua muhogo unapandwaje.

Sisi tumeanza, kidogo tu. Tulipata kona nyuma ya kanisa, watoto kumi na mmoja, majembe manne. Siku ya kwanza mtoto wa dada yangu alipanda mbegu sita za maharagi, akachuchumaa pale pale akizitazama. Mama mmoja akamwambia zitatoka baada ya siku tano au sita. Akaniangalia mimi, sawa mtu aliyedanganywa. Siku ya sita alikuja kunigongea mlango kabla jua halijatoka, hakuomba simu.

Mvua za mwezi wa nane zimekaribia. Tunakosa miti safi ya muhogo, vipande mia tatu hivi. Mwenye nayo aiseme kwenye mkutano wa koperativi, tutakuja na watoto kukata wenyewe.