Muuaji Hajulikani, Ukungu Umetanda

Wazazi wengi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wakimkuta kijana ameikodolea runinga macho huku vidole vikibonyeza vitufe, hudhani ni yale yale ya kandanda na bunduki. Mara nyingi hawakosei. Lakini upo mchezo mmoja wa Kijapani, Persona 4, uliotolewa na kampuni ya Atlus mwaka wa 2008, ambao ningependa mzazi aketi autazame japo kwa saa moja.

Familia iliyowahi kumpeleka kijana wa Nairobi akakae na mjomba wake Othaya haitauona mgeni. Mwanafunzi wa shule ya upili anatoka jijini kwenda kuishi mwaka mzima na mjomba katika mji mdogo uitwao Inaba. Mjomba ni mpelelezi wa polisi aliyefiwa na mke, na kazi haimpi nafasi ya kukaa nyumbani. Bintiye Nanako, mtoto wa shule ya msingi, ndiye anayeangalia mambo ya nyumba. Mjini limefunguliwa duka kubwa la kisasa, na wenye vijiduka wanalia (hapo mtu wa Karatina hahitaji kufafanuliwa). Kisha, siku ya ukungu mzito kama huu wetu wa Julai, mwanamke anapatikana amekufa, mwili ukining'inia kwenye antena ya runinga.

Kijana na wenzake wanagundua kuwa kuna ulimwengu mwingine ndani ya runinga, na kwamba kuna mtu anayewatupa watu humo. Yule asiyeokolewa kabla ya ukungu kutanda mjini hufa. Basi mchana wanasoma, wanafanya mtihani na kuulizauliza habari. Baadaye wanaingia runingani kupigana. Vita vyenyewe ni vya zamu, kama drafti: adui ana udhaifu wake, na anayeujua hupata nafasi ya kupiga tena. Kasi ya vidole haisaidii kitu. Maandishi ya kusoma ni mengi mno, na anayeyaruka hupotea njia.

Jina la muuaji sitalitaja, vijana hawatanisamehe. Ila kuna mahali ambapo mshukiwa amepatikana. Yuko hospitalini, hana nguvu, na vijana wana uchungu mbichi. Runinga iko papo hapo. Wenzake wanamshinikiza kijana: tumsukume ndani, yaishe. Mchezaji akikubali, hadithi inakatika kwa huzuni na ukweli haujulikani kamwe. Ili kuendelea hana budi kukataa, si mara moja bali mara kadhaa, huku marafiki wakimkasirikia, na aulize swali ambalo hakuna anayetaka kulisikia: je, tuna hakika?

Katika vituo vyetu vya matatu, sauti moja ikipaa "Mwizi!", mawe huwa mikononi kabla mtu hajauliza kilichoibwa. Gazeti huandika "wananchi wenye hamaki" na kesho yake tunafungua ukurasa mwingine. Mimi sijaona somo la uraia linalomweka kijana peke yake mbele ya umati namna hiyo.

Mchezo si wa watoto wadogo: Marekani umewekewa umri wa miaka 17 na zaidi, kwa sababu ya mauaji na mazungumzo ya kikubwa. Toleo lililoongezwa, Persona 4 Golden, lilitoka 2012, likaingia kwenye kompyuta mwaka wa 2020. Nalo hula makumi ya saa, kwa hivyo likizo ya Desemba inafaa kuliko muhula wa mtihani.