Mlango wa kioo haufungwi kwa teke

Wiki hii naomba tuingie bafuni kidogo, tena kwa heshima zake.

Siku hizi Singida mjini, kuanzia Mandewa hadi kandokando ya Ziwa Singidani, ukiingia nyumba mpya hushangai kukuta bafu lenye mlango wa kioo. Ni maendeleo hayo, hatukatai. Kasheshe huanza pale mlango unapogoma kufunga. Maji yanatambaa hadi koridoni, mkwe aliyekuja kutoka Iramba anaoga huku kashikilia mlango kwa mkono mmoja, na baba mwenye nyumba anatangaza kuwa dawa yake ni teke moja tu!

Baba, shusha mguu. Kioo kinachostahili kukaa bafuni huchomwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Ndipo kinapopata nguvu. Lakini nguvu hiyo iko usoni. Udhaifu wake uko kwenye kingo na kona. Kona ikigonga kigae, kioo chaweza kupasuka chote kwa mpigo na kumwagika chembechembe kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo fundi akikwambia atakipunguza kwa tupa, mwage. Kikishachomwa hakikatwi tena.

Sasa tufanyeje? Usafi kwanza, bisibisi baadaye. Singida hatukosi upepo wala vumbi, na maji ya visima vingi yana chumvi inayoacha ukoko mweupe. Ukoko ukijaa kwenye reli, rola hazitembei. Chukua mswaki mkuukuu na siki, sugua, ngoja dakika 10, suuza kwa maji mengi. Huenda mlango ukapona hapohapo na fundi asile hela yako. Na tafadhali mama, usipake mafuta ya alizeti! Najua yamejaa mjini, lakini yakikaa hunata kama ulimbo, yanashika vumbi, na kesho mlango umeganda kuliko jana.

Bado haufungi? Tazama unagusa wapi. Ukiburuza chini, ujue umeshuka. Mlango wa rola kwa kawaida una skrubu kwenye rola za juu. Zungusha robo mzunguko, jaribu, ndipo uongeze. Wa bawaba unataka watu wawili, maana mlango wa sentimita 70 kwa 190, unene milimita 8, una kilo 26 na ushee, yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Mmoja aunyanyue kidogo, aweke kadibodi iliyokunjwa chini, na aendelee kuushikilia. Mwingine alegeze skrubu za bawaba bila kuzitoa, anyooshe kwa pimamaji, kisha akaze polepole. Kioo kikianza kulia, acha. Sakafuni tandika blanketi, miguuni vaa viatu, na watoto wakacheze nje.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Wapo mafundi wanaofunga kioo cha kawaida cha dirisha ili bei ishuke. Hicho kikivunjika hutoa vipande virefu kama visu, na wewe hapo uko mtupu, una sabuni machoni. Angalia kwenye kona: kioo kilichochomwa mara nyingi huwa na muhuri mdogo usiofutika. Usipouona, muulize fundi alikinunua wapi na risiti iko wapi. Akianza kubabaika, ng'oa mlango utundike pazia la plastiki. Majirani wakicheka, waache wacheke. Pazia halijawahi kumkata mtu.

Mateke tuwaachie wachezaji pale Uwanja wa Liti. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.