Dawa ya kichina ya "kurudisha homoni": mama aliyetibiwa kanseri ya matiti anywe?

Mama ametibiwa kanseri ya matiti, sasa anameza tamoksifeni kila siku. Usiku joto linamupanda, jasho linamutoka, usingizi hakuna. Jirani anamuletea chupa ya dawa ya kichina: "Kunywa hii, itarudisha homoni." Je, ni salama?

Tuelewe kwanza. Kuna kanseri ambayo chakula chake ni estrojeni, homoni ya kike. Tamoksifeni inaifungia estrojeni mlango wa kuingia kwenye chembe za kanseri. Inamezwa miaka 5, mara nyingine 10. Basi, hiyo "kurudisha homoni" ndiyo jambo lenyewe ambalo minganga wanapigana nalo.

Mzizi mmoja unaotiwa sana katika dawa za kichina za wamama unaitwa dong quai. Katika maabara, dawa ya mzizi huo iliongeza chembe za kanseri ya aina hii. Ni kweli, maabara si mwili wa mtu. Lakini kwa faida gani ujaribu? Hata lile joto halikupungua: jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1997, kwa wanawake 71 waliokoma hedhi, lilionyesha kwamba dong quai haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha tamoksifeni kwa kutegemea chupa. Mama, usiiache, na usimufiche munganga. Maandishi ya kichina wengi hatusomi. Beba chupa yenyewe hospitali. Joto hilo lina njia zingine za kulituliza.