Wiki Nzima Ugenini kwa Ajili ya Sayansi: Tuulize Kwanza Atalala Wapi



Tunawaandikia kutoka Myamba, juu ya milima ya Upare, wilaya ya Same. Wengi wenu wa Unguja na Pemba mmeshapita chini yetu bila kujua, maana mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha yanapita Same mjini. Sisi tuko huku juu kwenye ukungu na mashamba ya tangawizi. Kazi yetu ni cherehani, magauni ya harusi na mabaibui, na kazi hiyo inatukutanisha na mabinti wengi waliosoma. Leo tunaweka mishono pembeni kidogo tuzungumze juu ya hakathoni.

Kwa asiyeijua, hakathoni ni mkutano wa kazi. Watu wa sayansi na kompyuta wanakaa pamoja siku kadhaa, wanagawanywa makundi, kila kundi linapewa tatizo na kulitafutia ufumbuzi, na siku ya mwisho wanaonyesha walichofanya. Nyingine ni za siku mbili, nyingine zinafungwa na mafunzo zikawa wiki nzima. Kwetu Afrika Mashariki si jambo geni. Mkutano wa Data Science Africa ulianzia Nyeri, Kenya, mwaka 2015, ukaenda Kampala 2016, na Julai 2017 ukafika Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Agosti 2019 Deep Learning Indaba iliwakusanya vijana wa Afrika nzima wiki moja Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Na nyinyi wa visiwani mnakumbuka mwaka 2016 vijana wa chuo cha SUZA waliporusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba ili ramani itengenezwe. Mabinti walikuwemo.

Haya mambo yanatuhusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wametengeneza njia ya kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani iliyopigwa na simu. Sasa nani atauliza swali la tangawizi inayooza shambani Myamba, au la mwani unaokufa baharini Paje, kama mwanamke anayeujua ugonjwa huo kwa mikono yake hayupo ukumbini?

Hoja yetu ni hii: kinachomzuia binti wa Kiislamu kuwepo pale mara nyingi si akili yake, na si dini yake. Ni maandalizi.

Maswali matatu ya mume

Mteja wetu mmoja, bi harusi wa miezi michache, msomi wa takwimu, alipata nafasi kwenye warsha ya wiki moja mjini. Alituletea barua tuisome naye. Kurasa mbili. Iliandikwa aje na kompyuta ya aina gani, programu gani aweke kabla, ratiba inaanza saa ngapi. Nauli angerudishiwa baada ya warsha kwa kuonyesha tiketi. Malazi yapo. Basi.

Mumewe hakukataa. Aliuliza mambo matatu: utalala chumba kimoja na nani, ukifika usiku nani atakupokea, na ukiugua nimpigie nani? Binti akaandika kuuliza. Siku zikapita, jibu likaja kwamba yote yatapangwa wakifika. Nafasi ikampita.

Wapo watakaosema mume ana wivu. Sisi tunasema maswali yale hata mama yake mzazi angeuliza, na angekuwa na haki. Mtu anayeaga mke au binti wiki nzima hawezi kuambiwa "mtajua mkifika".

Kinachotakiwa kiandikwe mapema

Waandaaji wengi ni watu wema, ila wamezoea mgeni mwenye begi la mgongoni, asiye na mtoto, mwenye pesa ya kutanguliza, anayeweza kulala popote. Tunawaomba waandike kwenye barua ya kwanza, kabla mtu hajakubali nafasi:

Malazi. Wanawake wana jengo lao au ghorofa yao? Chumba ni cha wangapi, mlango una ufunguo, na choo kiko ndani au cha pamoja? Chooni kuna maji na kopo? Hili la kopo wengine wanacheka, lakini mwanamke anayetawadha mara tano kwa siku hacheki.

Safari. Kutoka Myamba mtu anashuka mlima kwanza ndipo apande basi la Arusha. Wakati wa masika barabara za mlimani zinateleza, gari linaweza lisitoke siku hiyo. Wa Unguja anapanda boti hadi Dar ndipo aanze safari ya basi ya siku nzima. Hawa wawili hawawezi kufika asubuhi ileile ya ufunguzi. Wapewe usiku mmoja wa kabla na mmoja wa baada, na pawe na mtu wa kuwapokea stendi, mwenye jina na namba ya simu.

Pesa. Nauli ya kurudishiwa ni mlango uliofungwa kwa asiye na akiba. Atakopa kwa nani? Nauli itumwe kwa simu kabla ya safari.

Chakula. Kusema "mboga zipo" haitoshi. Tunataka kujua nyama imechinjwa na nani, na kama sufuria na mafuta ni yaleyale yaliyokaanga kitimoto. Mpishi akiulizwa wiki mbili kabla ni jambo jepesi. Akiulizwa watu wameshashika sahani ni ugomvi.

Mtoto. Mama anayenyonyesha aambiwe wazi kama anaruhusiwa kuja na mtoto na msaidizi, na kama kuna chumba cha faragha. Ukimya hapa maana yake ni hapana.

Usiku. Makundi hupenda kufanya kazi hadi saa sita za usiku. Ukumbi wa wanawake kufanyia kazi uwe jengo lilelile wanalolala, au pawe na gari la kuwarudisha. Alama za ushindi zisimpunje aliyeondoka saa tatu.

Swala ndani ya ratiba

Hapa tunasema na waandaaji na sisi wenyewe pia. Wako wanaodhani mshiriki ni msafiri, basi atakusanya swala zake na ratiba iendelee. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani na visiwani tunafuata, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, akishafika haendelei kupunguza wala kukusanya. Ruhusa ile ni ya njiani. Warsha ya wiki nzima ni kukaa. Kwa hiyo swala zinataka muda wake, na muda huo lazima uonekane kwenye ratiba.

Wala si mwingi. Pande za Arusha Adhuhuri huingia baada ya saa sita na robo, kabla ya saa saba kamili. Chakula cha mchana kikianza saa saba na kikapewa saa nzima, swala imeshapata nafasi. Chai ya jioni ikiwekwa saa kumi badala ya saa tisa, Alasiri imepatikana. Magharibi ndiyo finyu, kwa hiyo kazi isimame saa kumi na mbili na nusu. Ijumaa mchana ndugu zetu wanaume waachiwe waende msikitini. Chumba kimoja safi, mkeka, alama ya kibla, na pazia au chumba cha pili kwa wanawake: gharama yake ni ndogo kuliko bango la mlangoni.

Na wakati wa kuchagua tarehe waitazame kalenda yetu. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, haifichiki.

Suala la maharimu tunajua litaulizwa. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya mwanamke kusafiri, na sisi si wa kutoa fatwa. Muulize sheikh wako mapema, ukiwa na barua mkononi inayoeleza safari, malazi na wenzako. Anayeuliza akiwa na habari kamili hupata jibu kamili. Pia waandaaji wanaweza kuruhusu kaka au mume aje kwa gharama yake akae karibu. Kwa nini isiwezekane?

Mbona harusi tunaweza?

Tukiambiwa haya ni magumu, tunatazama harusi zetu. Kamati ya harusi ya kijijini, bila kompyuta hata moja, inajua wageni wa Dar watafika na basi gani, mashangazi watalala kwa nani, mpishi nani, nani ana kisukari, watoto watakaa wapi, na wanaume watasali wapi kabla ya nikaha. Misafara ya Hija nayo inapanga wanawake wanakaa vyumba vipi na nani kiongozi wao. Elimu ya kupokea wageni tunayo. Kilichokosekana ni kumweka mwanamke mmoja wa aina yetu kwenye kamati ya warsha tangu mwanzo, siku bajeti inapoandikwa. Akiletwa wiki ya mwisho ataambiwa hela imekwisha.

Na wewe bi harusi

Tuna neno kwako pia, kwa upendo. Kama una elimu yako na unatarajia safari za namna hii, izungumze wakati wa posa, mbele ya wazee, wakati kila mtu bado ana tabasamu. Mahari tunazungumza, ukumbi tunazungumza, sare tunazungumza miezi mitatu. Safari za kazi na masomo pia zinataka kikao. Mume aliyejua tangu mwanzo atauliza atakupeleka stendi saa ngapi. Mume anayeshtukizwa atauliza kwa nini.

Barua ikija bila majibu, andika uulize, na uulize kwa maandishi. Usione haya. Ukiuliza wewe, wa mwakani atakuta jibu limeshaandikwa.

Halafu begi lako, hapo tuachie mafundi tuseme. Julai Arusha ni baridi, nyie wa visiwani msije na deraya peke yake. Chukua sweta na soksi. Baibui liwe la mkono wenye kifungo au mpira, upandishe kwa urahisi unapotawadha na lisiburuze kwenye vifaa vya maabara. Mwambie fundi akuwekee mifuko miwili ya ndani, mmoja wa simu na mmoja wa kitambulisho. Ushungi uliofungwa vizuri usiohitaji pini nyingi, maana utavaa na beji shingoni siku nzima. Nguo ya kusalia nyepesi, mswala mdogo, kandambili, pedi za kutosha, ekstensheni yako ya umeme, na bando la intaneti la akiba.

Yule mteja wetu bado ana takwimu zake kichwani, na tangawizi bado inaoza. Tunamwomba Allah afungue mlango mwingine, na tunawaomba wenye funguo za milango hiyo wajibu maswali matatu ya mume kabla hayajaulizwa.

Wabillahi tawfiq.