Neno Lisilo na Maana Lisihesabiwe

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya mchezo ulioenea hapa Gungu, yaani ule wa kupangua herufi na kuzipanga upya ili kupata maneno mafupi ya Kiingereza. Kila jioni, baada ya saa za kazi, nawaona ndugu makarani wameinamia karatasi au simu. Mmoja ataja herufi sita, na wenzake washindana kutoa maneno. Wako wanachama wasemao kwamba huu ni mchezo wa watoto, haustahili watu wa kalamu. Wako na wengine wausifuo kupita kiasi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea.

Kwanza nawajibu wanaoudharau. Tutwae jina la meli tuijuayo sote, Liemba, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na kurudi kazini mwaka 1927. Herufi zake ni sita tu. Ukizipangua utapata "mail", yaani barua za posta, "mile", maili, "meal", mlo, "lime", ndimu, na tena chokaa, "bale", robota, "beam", boriti, na tena mwali wa nuru, "limb", mkono au mguu, "able", mwenye kuweza. Tena limo "bail". Karani wa mahakama atasema maana yake ni dhamana. Mvuvi ajuaye Kiingereza atasema ni kuyatoa maji yaliyoingia mtumbwini. Wote wawili wasema kweli. Mtu aliyeyapata maneno haya tisa pamoja na maana zake hakupoteza jioni yake.

Lakini hapa ndipo lilipo kosa la wale wanaousifu. Wanahesabu maneno, hawaulizi maana. Juzi bwana mmoja alijipatia alama nyingi kwa neno "qi". Nilipomwuliza ni kitu gani, alinijibu kwamba limo katika orodha, na hiyo yatosha. Kumbe ni neno lililotoka kwa Wachina, nalo lahusu nguvu ya uhai. Hakulijua, wala hakuona haja ya kulijua.

Nami sina haki ya kumcheka, maana neno fupi lilinitia aibu kubwa kuliko yake. Akina mama wa ufukoni waanikao dagaa waliniomba niwapigie chapa barua ya Kiingereza kwa wafadhili fulani. Walitaka kusema kwamba wanakusudia kuutumia ushirika wao katika kuuza dagaa. Neno la kutumia ni "use". Vidole vyangu vikaandika "sue". Kompyuta haikutia mstari mwekundu, kwa kuwa "sue" ni neno halali la Kiingereza, na maana yake ni kushtaki mahakamani. Niliisoma barua mara mbili, na jicho likapita. Wafadhili wakasoma kwamba akina mama hao wanakusudia kuushtaki ushirika wao wenyewe, wakaizuia fedha ya chanja za kuanikia mpaka wapate maelezo. Kabla jambo halijasawazishwa, giza mbili za mwezi zilikuwa zimepita, na giza ndiyo majira ya kuvua dagaa kwa taa. Samaki wao wakaanikwa mchangani kama zamani. Hawakunitukana. Mkubwa wao aliniuliza tu, "Mwanangu, hilo neno lilikuwa refu sana?" Nikamjibu, "La, mama, lilikuwa la herufi tatu."

Tangu siku ile nimeyaandika katika daftari maneno ya namna hiyo, ambayo herufi zake ni zile zile na maana mbali mbali. "From" ni kutoka. "Form" ni fomu. "Now" ni sasa, "own" ni kumiliki, "won" ni alishinda. Na katika barua ya shamba lenye ugomvi, hayo si mamoja hata kidogo. "Trial" ni kesi. "Trail" ni njia ya miguu. "Marital" ni jambo la ndoa; "martial" ni jambo la vita. Hata "file" na "life", faili na maisha, ni herufi zile zile nne. Karani asisahau hilo anapoliweka jalada la mtu chini ya meza.

Najua nitajibiwa kwamba Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kusema Kifaransa, kwa kuyashika maneno moyoni tu. Ni kweli, na kumbukumbu yake ni ya ajabu. Lakini yeye alikuwa mbele ya ubao wa mchezo. Hapakuwa na mjane nyuma yake akingojea barua. Sisi tuna watu wanaongoja.

Wala mchezo wa kupangua maneno si mgeni kwetu. Waswahili wa pwani walikuwa na kinyume, yaani kuitwaa silabi ya mwisho na kuitia mbele, hata nyumba ikawa "mbanyu" na kitabu kikawa "bukita". Aliyesikia alikuwa hana budi kulirudisha neno mahali pake na kulielewa ndipo ajibu. Asiyeelewa alinyamaza. Hiyo ndiyo sheria ninayotaka tuitumie.

Basi naleta shauri mbele ya wanachama. Kwanza, mchezo uendelee, tena uwe na siku yake maalumu katika juma. Pili, neno lisihesabiwe mpaka aliyelitoa ataje maana yake kwa Kiswahili safi, na kama lina maana mbili, azitaje zote. Tatu, kila neno likishapatikana, wachezaji waulizane ni neno gani jingine lenye herufi zile zile, nalo liandikwe katika daftari la chama, ili vijana waingiao kazini walikute. Kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili yatosha kwa kuanzia, nami niko tayari kuleta ya kwangu.

Waliotutangulia, walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba, walijua kwamba heshima ya karani ni kazi yake. Kazi yetu ni kuyafikisha maneno ya watu kama walivyoyasema, hata yakiwa ya herufi tatu.

Wasalaam,
Karani wa Gungu